Mawe ya Upande wa Hwalmok

Wewe uliyepata kuomba barabara ipite mlangoni kwako, uliuliza itaondoka na nani?

Sikuulizi kwa kejeli. Nakuuliza kwa sababu kisiwani kwetu, Tanseom, hakuna aliyeuliza. Tuliomba tu. Tuliomba daraja la kutuunganisha na bara kama wakulima wanavyoomba mvua, na lilipokuja tulipiga ngoma, tukachinja nguruwe, na wakubwa wa wilaya wakaja kukata utepe. Mimi nilikuwa bado shule ya sekondari. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Leo nataka kukusimulia habari za mwanamke aliyekuwa mbele yetu sote katika kuomba.

Jina lake la kwenye kitambulisho ni Pyo Geum-rye, lakini hakuna anayemwita hivyo. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kijiji alikotoka. Yeye alitoka Hwalmok, ng'ambo ya pili, kwenye kisiwa kikubwa, basi tangu siku alipofika akiwa bibi harusi amekuwa Hwalmok-daek, yaani yule wa kutoka Hwalmok. Marehemu mume wake alimwita hivyo. Majirani wanamwita hivyo. Watoto wake wako mbali, mmoja Seoul na mwingine ng'ambo ya bahari, nao humwita mama kwa simu siku za sikukuu. Mimi namwita bibi, kwa kuwa nyumba zetu zinagusana ukuta na ndiye aliyenifundisha kukamata pweza kwa mkono.

Kati ya Tanseom na Hwalmok kuna tope. Maji yakijaa pale ni bahari, yakipwa ni tope jeusi linalong'aa, lenye kaa na pweza wadogo, na mtu akikanyaga huzama mpaka magotini. Wahenga wetu walitandaza mawe juu ya tope hilo, jiwe baada ya jiwe, kutoka ufuko huu hadi ule. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu. Maji yakipwa mawe yanatokeza, watu wanavuka kwenda msibani, kwenda kukopa mbegu, kwenda kuchumbia. Maji yakirudi, kila mtu abaki alipo.

Lakini jiwe linalolala baharini huota mwani, na mwani huteleza kuliko sabuni. Kwa hiyo kila mwaka, baridi inapoanza kulegea, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, katika mwezi wa pili wa kalenda yetu ya zamani, watu waliyageuza mawe. Uso wenye mwani uliwekwa chini ukaozee topeni, uso wa chini ukapanda juu ukiwa safi. Tanseom walianzia ufukoni kwao, Hwalmok kwao, wakafanya kazi wakielekeana mpaka wakutane kwenye Jiwe la Kati, ambalo ni pana kama jamvi na haligeuzwi. Hapo waliketi wakala na kunywa na kutukanana kwa furaha. Hakuna kijiji kilichogusa jiwe la mwenzake. Ukigusa umemwambia mwenzako kwamba kwao hakuna watu, na hilo kwetu ni tusi ambalo hata pombe hailifuti. Bibi mwenyewe aliposwa pale pale, kwenye Jiwe la Kati, alipokuwa msichana mbeba chakula wa Hwalmok. Kijana mmoja wa Tanseom alimwuliza kama keki zile za mchele amezipika yeye au amezipika mtu anayejua kupika. Msichana akammwagia pombe kwenye gambuti. Mwaka uliofuata wakaoana.

Daraja kubwa la kutoka kisiwa kile kikubwa hadi bara lilipofunguliwa, mwaka huo huo wakatandaza barabara ya zege juu ya tope, sambamba na mawe yetu, juu kidogo kuliko maji ya bamvua. Sasa mtu anatoka Tanseom kwenda Mokpo, mji wa bara, asubuhi na kurudi kabla chai haijapoa. Duka la mzee Gil likafa kwanza, kwa sababu kila mtu alikwenda supamaketi ya bara kununua hata kiberiti. Kisha shule ikafungwa, wazazi wakapeleka watoto bara, halafu wakawafuata watoto. Kisha wakaanza kuja wageni, na wilaya ikaamua kwamba kisiwa kiwe na rangi moja ili kivutie kupigwa picha. Rangi yenyewe ya waridi. Mapaa ya waridi, kuta za waridi, vizuizi vya barabara vya waridi, mpaka mapipa ya taka. Milango ambayo haikujua kufuli ikafungwa kufuli, kwa sababu wageni waliingia uani kutafuta choo. Mama mmoja alikuta familia nzima imeketi barazani kwake ikila pilipili zake alizoanika, wakamsalimu vizuri na kumwuliza mgahawa unafungwa saa ngapi.

Na mawe? Mwaka wa kwanza baada ya barabara walikuja wachache kuyageuza. Wa pili wakapungua. Upande wetu wakabaki wazee, kisha wakabaki wazee wenye magoti mazima, kisha akabaki bibi. Upande wa Hwalmok alibaki mdogo wake, Man-sik, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa, akaendelea kuja na mtaimbo wake na birika lake la pombe. Wawili hao, dada na kaka, wakawa ndio vijiji viwili. Mwaka jana Man-sik alipasuliwa goti, hakuja. Mawe ya upande wa Hwalmok yakabaki na mwani wake, mara ya kwanza tangu watu wakumbuke.

Basi mwaka huu bibi alitaka kitu kimoja tu: mtu wa Hwalmok ashuke topeni, akutane naye kwenye Jiwe la Kati. Hakutaka kingine. Nilikuwepo barazani kwake alipompigia Man-sik simu, ameiweka sauti ya juu na kuishika mbali na uso kama kijinga cha moto.

"Man-sik. Bamvua ni Jumamosi."

"Dada, goti langu sasa ni chuma."

"Vizuri. Mtaimbo nao ni chuma. Mtaelewana."

Man-sik alicheka, kisha akakohoa. "Nitakuja, dada. Nitakuja kukuona."

"Sina cha kuonwa, nimezeeka. Njoo ugeuze mawe."

"Umekula lakini?"

"Sema kwamba utakuja."

"Nimesema nitakuja," akasema Man-sik, na nyuma yake ikasikika sauti ya televisheni na ya mwanamke akiuliza ni nani huyo. Simu ikakatika. Bibi akaitazama kidogo, akaifuta kwa aproni, akaiweka kwenye mtungi wa mchele, mahali anapoiweka siku zote ili asiipoteze.

Tulianza kazi siku kadhaa kabla, kila maji yalipokupwa, maana watu wawili si kijiji. Mimi nimesoma chuo kikuu Gwangju na nimerudi kwa ukaidi, watu wanasema, kuja kupigania kisiwa ambacho hakikuomba kupiganiwa. Nilikwishakwenda wilayani mara nyingi kusema mawe yale yalindwe. Wakanisikiliza vizuri, wakanipa kahawa, kisha wakaweka ufukoni kibao chenye herufi nyekundu: USIKANYAGE MAWE, YANATELEZA. Ndivyo ofisi inavyotatua mambo. Kitu kikikosa mtu wa kukitunza, hawatafuti mtu, wanatafuta kibao.

Siku ya Ijumaa tulipokuwa tunarudi kutoka topeni, tulipita mbele ya ukumbi wa kijiji. Mwenyekiti Cheon alikuwa amesimama juu ya ngazi akipaka nguzo rangi ile ile ya waridi.

"Hwalmok-daek," akaita, "ukishayageuza mawe yako, niyapake rangi? Wageni watayapenda."

"Anza na kichwa chako," bibi akajibu bila kusimama. "Kina upara, rangi itakaa."

Wazee waliokuwa barazani wakacheka. Mmoja wao, mama Song, akasema, "Lakini dada, unajichosha nini? Si barabara ipo?"

"Barabara ipo."

"Sasa?"

"Sasa kesho uje na mtaimbo."

"Kesho supamaketi wana punguzo la mafuta ya ufuta," akasema mama Song, naye hakuwa anatania. Mwenyekiti akashuka ngazi, akamfuata bibi hatua chache akishika brashi mbali na suruali yake. "Sikatai, Hwalmok-daek," akasema kwa sauti ya chini zaidi. "Babangu alifia kwenye mawe yale, unajua. Aliteleza. Mimi sitaki kuyaona." Bibi akamgusa mkono, akaendelea na safari. Sikujua habari hiyo ya baba yake. Nilikuwa nimemchukia mtu yule miaka miwili mizima kwa sababu ya rangi.

Jumamosi maji yalikupwa kweli kweli. Ukitazama kutoka kwetu, bahari ilikuwa imekwenda mbali kana kwamba haina nia ya kurudi. Tulikuwa tumebakiza mawe machache kabla ya Jiwe la Kati. Bibi ana namna yake: haliinui jiwe. Analichokonoa ubavuni mpaka tope liliachie, anangoja maji yaingie chini yake, kisha analisukuma kwa mtaimbo nalo linapinduka lenyewe, likitoa sauti kama mtu anayenyonya jino. Mimi nilitumia nguvu nikaumia mgongo.

"Msomi," akasema, "jiwe si mkuu wa wilaya. Usigombane nalo."

Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefika. Nyuma yetu mawe ya Tanseom yalinyooka hadi ufukoni, meupe kama meno. Mbele yetu yalianza ya Hwalmok, ya kijani, yenye manyoya marefu ya mwani yaliyolala upande maji yalikokwenda. Hapakuwa na mtu.

Bibi akafungua mzigo wake, akapanga chakula juu ya Jiwe la Kati: keki za mchele zenye majani ya pakanga, nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kabichi iliyochachuka, na samaki taa aliyevundikwa mpaka harufu yake inatoa machozi. Man-sik hali nyama bila taa huyo. Akaweka mabakuli mawili ya pombe ya mchele. Akavua gambuti, akazigonga zitoke tope, akazivaa tena. Akaketi akielekea Hwalmok.

Tulingoja. Kaa walitoka mashimoni wakatuzoea. Juu ya barabara ya zege magari yalipita, mengine yakasimama, watu wakashusha vioo wakatupiga picha.

"Bibi," nikasema, "nianze upande wao? Nigeuze machache tu, akija akute tumemsaidia."

"Usiguse."

"Hakuna atakayeona."

"Mimi nitaona," akasema. "Si yetu yale. Kaa."

Nikakaa.

Gari jeupe lilitokea upande wa Hwalmok, likaja polepole barabarani, likasimama katikati ya barabara ile nyembamba, juu yetu kabisa. Mlango ukafunguka. Alitoka Man-sik, amevaa koti zuri na viatu vinavyong'aa, ana fimbo. Mwanawe, Jae-hun, alibaki kwenye usukani na taa zikiwaka na kuzima.

"Dada," Man-sik akaita kutoka juu, ameegemea kizuizi cha waridi. "Nimekuja. Si nilisema nitakuja?"

Bibi alisimama. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, nami sikuwa nimeuona hivyo siku nyingi. "Umechelewa, mvivu wewe. Wa Hwalmok mnaamka saa ngapi siku hizi? Shuka, pombe inapata joto."

"Siwezi kushuka. Goti."

"Pale mbele pana ngazi. Shikilia bega la Jae-hun."

"Baba hawezi kukanyaga kwenye utelezi, shangazi," Jae-hun akasema kupitia dirishani, kwa adabu. "Daktari amekataza. Na hapa haturuhusiwi kusimama. Panda wewe, twende tukale nyama choma Mokpo. Nimeshaagiza meza."

"Nimepika," bibi akasema.

"Lete tule kwenye gari," akasema Man-sik.

"Chakula cha Jiwe la Kati hakiliwi kwenye gari, Man-sik. Unajua."

Gari la nyuma likapiga honi. Man-sik akalipungia mkono lisubiri. Akainama garini akatoa mfuko, akauning'iniza kwenye mpini wa fimbo yake, akaushusha kwetu taratibu kama anayevua samaki. Niliupokea. Ulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyofungwa kwa utepe na soksi za sufi.

"Haya, umekuja," bibi akasema. "Lakini umekuja barabarani. Kwenye mawe hujaja. Basi mtume mtu. Yule mtoto wa Ok, yule fundi bomba, bado ana mgongo. Mwambie aje kesho, bamvua bado lipo. Au jirani yako, yule wa mbuzi."

Honi ya pili ikalia, na ya tatu, ya gari jingine.

"Dada," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake kubwa ikawa ndogo, ikabidi tuinue nyuso kuisikia. "Fundi bomba alihamia Mokpo zamani. Wa mbuzi yuko nyumba ya wazee. Na mimi pia siko Hwalmok. Nipo kwa Jae-hun tangu niliposhonwa goti. Nyumba nimeiuza."

"Nyumba ipi?"

"Ya kwetu. Wanajenga nyumba ya wageni. Nilitaka kukuambia nikiwa mbele yako, siyo kwa simu."

"Ya baba?"

"Ingebomoka, dada. Hakuna anayelala Hwalmok sasa isipokuwa wageni. Ukitaka mtu wa Hwalmok, hayupo. Hata mimi si wa Hwalmok."

Foleni ilikuwa imekuwa ndefu. Mtu akapaza sauti kwamba kama wanapiga picha wamalize. Jae-hun akasema, "Baba, twende, tafadhali." Man-sik akasimama bado, mikono yake miwili juu ya kizuizi, akimtazama dada yake chini topeni, naye akimtazama juu. Sijui kama niliwahi kuona watu wawili wakiwa karibu hivyo na mbali hivyo. Kisha akasema, "Vaa soksi, usiku kuna baridi," akaingia garini. Gari likaja mpaka Tanseom likageuza, maana pale katikati hapageuziki, likapita tena juu yetu likirudi. Alikuwa ameshusha kioo na mkono wake uko nje, lakini hawakusimama.

Bibi alikaa. Hakula. Pombe ya Man-sik ilikuwa ndani ya bakuli lake, na nzi mdogo wa pwani akaangukia humo.

Mimi nilichemka. Nilisema mengi, na niliyaamini yote, na hata sasa nayaamini mengi yake. Nilisema barabara ile ni mdomo, inakula kijiji kimoja kimoja na kutema vibao. Nilisema wakubwa walijua. Nilisema watu wa bara wananunua upweke wetu kwa tikiti na kuupaka rangi. Nilisema afadhali lile daraja lingevunjika.

"Usiseme hivyo," bibi akasema.

"Lakini bibi, umeona mwenyewe."

"Nakwambia usiseme." Alikuwa anakusanya keki moja moja, anazifunga kwenye kitambaa. "Mimi nilikuwa na mtoto kabla ya hawa wawili. Msichana. Alishikwa na homa maji yakiwa yamejaa, na upepo umekataza mashua. Mume wangu alimbeba mgongoni akasimama pale ufukoni, pale penye kibao chako, akingoja mawe yatokeze. Mimi nilisimama kando yake na mwavuli. Tulitazama maji. Wewe umewahi kutazama maji yakipwa? Hayana haraka na mtu. Jiwe la kwanza lilipotokeza mume wangu akaanza kukimbia. Hakuwa amefika hapa tulipo, akasimama. Akarudi anatembea."

Akakaza fundo la kitambaa.

"Walipokuja kuuliza nani anataka daraja, nilitangulia kugonga muhuri wa jina langu kwenye karatasi yao kabla hawajamaliza kusema. Na leo wakija nitagonga tena. Kwa hiyo usiombe livunjike. Kuna mtoto mahali fulani."

"Sasa tufanye nini?" nikauliza, na swali lilitoka kwa hasira kuliko nilivyotaka.

"Maji yanarudi," akasema. "Tutembee."

Alitangulia juu ya mawe meupe tuliyoyageuza, na kila baada ya mawe machache aligeuka kutazama nyuma, si kunitazama mimi. Jioni ile hakuwasha taa ya barazani. Nilimpelekea supu, akanishukuru kupitia mlangoni bila kufungua.

Asubuhi yake nilikuwa nakwenda Mokpo. Basi la kwanza hupita mbele ya ukumbi, na nilipofika kituoni nilimkuta bibi ameketi kwenye benchi la waridi, amevaa gambuti na zile soksi mpya za sufi zimechomoza juu yake, na mtaimbo umefungwa kwenye gunia umelala mapajani. Nilidhani unakwenda kunolewa kwa fundi.

"Bibi, unakwenda Mokpo?"

"Sina shida na Mokpo."

Dereva alipoona gunia akakunja uso. "Bibi, chuma hicho kitachana viti vyangu."

"Nitakipakata."

Basi likaingia barabara ya zege. Maji yalikuwa yameanza kukupwa na mawe yalikuwa yanachungulia, yetu meupe, kisha baada ya Jiwe la Kati yale ya kijani. Bibi hakuyatazama. Tulipofika ufuko wa ng'ambo akabonyeza kengele. Hakuna anayebonyeza kengele pale siku hizi, dereva akatazama kwenye kioo kuhakikisha.

Niliteremka naye. Mbele yetu palikuwa Hwalmok: mapaa yamebonyea, madirisha yamezibwa mbao, na katikati yake kiwanja kilichosawazishwa upya, na greda limesimama ambapo nilikumbuka nyumba ya akina Pyo, kwao bibi. Mpersimoni, mti wa matunda wa uani, ulikuwa umeachwa peke yake, mizizi yake upande mmoja iko nje. Bibi akapita kando ya kiwanja kile kwa hatua za kawaida, akausogelea ule mti, akaung'oa unyasi mmoja uliokuwa umejikunja shinani, akauweka kando. Kisha akashuka kuelekea ufukoni.

Nilimfuata. Mguu wangu ulipogusa ukingo wa tope akanigeukia.

"Wewe simama hapo hapo."

"Nataka kukusaidia."

"Wewe ni mtu wa Tanseom. Upande wenu mmeshamaliza."

Nikasimama. Akakifungua kile chuma kwenye gunia, akalikunja gunia akalifunga kiunoni. Ng'ambo kwetu mapaa ya waridi yalianza kupata jua, na juu ya mawe meupe tuliyoyageuza hapakuwa na mtu. Bibi akachokonoa ubavu wa jiwe la kwanza la Hwalmok, akangoja maji yaingie chini yake, akausukuma mtaimbo. Jiwe likapinduka, kaa wakatawanyika. Akasogea kwenye la pili.